Skrubu Mbili Nilizokimbilia Kulegeza

Simu ililia saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Nahodha hakunisalimu. "Fundi, mashine imezima. Tuko mlangoni."

Mlangoni, kwa watu wa soko la samaki la Feri, ni pale mkondo wa bandari unapotoka kati ya Magogoni na Kigamboni kuelekea bahari kuu. Ni njia nyembamba, na meli zote zinazoingia bandari ya Dar es Salaam zinapita hapohapo. "Kuna meli inaingia," akaendelea, "naona na boti za kuvuta ziko nayo." Nyuma ya sauti yake niliwasikia vijana wakigombania kasia moja na ubao. Simu ikakatika.

Mimi nakaa Kigamboni. Nilitoka mbio na kandambili hadi ufukweni, na nilipofika nikawaona kwa mbali. Walikuwa wamekwishafungwa kamba na boti ndogo ya dagaa iliyokuwa ikitoka, wanavutwa pembeni, na ile meli inapita polepole, ndefu kama mtaa. Hakuna aliyeumia. Nguru waliokuwa nao walifika sokoni wamechelewa, bei imekwisha kushuka. Lakini nilikaa chini mchangani kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu. Mashine ile nilikuwa nimeitengeneza mimi, siku mbili kabla.

Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wa mashine za boti, hasa vijana waliotoka kwenye kabureta kama mimi wakajikuta mbele ya injini yenye nyaya na kompyuta. Nimeona wengi wanakimbilia kosa lilelile nililofanya mimi.

Nilijifunzia kazi kwenye mashine za mipigo miwili, zile unazochanganya petroli na oili kwenye dumu. Pale fundi ni sikio. Unasikiliza sailensa, yaani mzunguko wa mashine ikinguruma bila mzigo, unageuza skrubu ya kabureta robo mzunguko, unasikiliza tena. Ukikosea, mashine inakohoa mbele yako na unarekebisha. Mzee aliyenifundisha alikuwa anaweza kusimama Feri, mgongo umeelekea bahari, akakuambia boti inayoingia ina plagi moja iliyokufa. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo elimu niliyoiamini, na bado naiheshimu.

Kisha zikaanza kuja za mipigo minne zenye sindano za mafuta. Boti ya huyu nahodha ni ya faiba, na mashine yake ni ya farasi 115. Malalamiko yake yalikuwa haya: ikiwa frii, gia haijaingia, sailensa iko juu, na akiingiza gia kunagonga kishindo mpaka watu wanashtuka. Nikafungua kava. Nilikuwa nimeshajua kwamba pembeni ya throto, pale hewa inapoingilia injini, kuna kidubwasha cheusi chenye nyaya tatu na skrubu mbili, na kwamba hiyo ndiyo sensa inayoiambia kompyuta ya injini kilango cha hewa kimefunguka kiasi gani. Nikapima. Kitabu cha injini ile kinataka isome karibu volti 0.7 kilango kikiwa kimefungwa. Mita yangu ilisoma 0.9.

Nilifurahi. Nilidhani nimeupata ugonjwa. Nikalegeza zile skrubu mbili, nikazungusha sensa kidogo mpaka mita ikasoma 0.7, nikakaza. Sailensa ikashuka palepale. Gia ikaingia taratibu. Nikalipwa, nikaondoka najiona fundi wa kisasa.

Yule mzee wangu ndiye aliyenionyesha nilichokifanya. Alikuja mchana wa siku ile ya mlangoni, akanikuta nimeinamia injini, nimeshika mita, nataka kugeuza tena zile skrubu upande wa pili. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Ondoa mkono hapo kwanza." Alichukua koleo, akachomoa pini ya waya wa resi, ule unaotoka kwenye mkono wa nahodha kuja kufungua throto, pale unaposhika kwenye injini. Waya ulipoachia tu, mkono wa throto ukaanguka chini kwa sauti ndogo, tik, ukakaa kwenye skrubu ya kituo, ile inayouzuia usishuke zaidi. Mwanzo ulikuwa umesimama juu yake, nafasi ya unene wa kucha. Kisha akashika waya wenyewe akausukuma na kuuvuta kwa vidole. Unakwenda, unakwama, unakwenda. Chumvi ilikuwa imeingia ndani ya ganda, chuma kimevimba kutu.

"Sensa ilikuwa inasema kweli," akaniambia. "Kilango hakikufunga, ikasema hakikufunga. Wewe ukamfundisha shahidi kusema uongo."

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini basi mashine ilizima. Wakati nafanya kazi yangu, waya ulikuwa umekwama na kilango kimebaki wazi kidogo. Mimi nikaisogeza sensa ili uwazi ule usomeke kama kufungwa kabisa. Kompyuta ikaamini. Ikaona kilango kimefungwa na mzunguko uko juu, ikapunguza hewa inayopita kando ya kilango kwenye vali ya sailensa, na mashine ikatulia. Kumbe hewa iliyoifanya iishi ilikuwa inapita kwenye ule ufa wa kilango. Nahodha akaenda baharini usiku kucha, akavuta resi, akarudisha, akavuta, akarudisha, na waya kwa kusuguliwa hivyo ukalegea. Alfajiri anarudi na kasi, anakaribia mlangoni, anarudisha mkono frii ili apishe meli. Safari hii kilango kikaanguka hadi chini kabisa. Sensa ikashuka chini ya kiwango ambacho kompyuta inakitegemea, ufa wa hewa ukapotea, vali ilikuwa imekwisha kubanwa, na injini ikakosa pumzi. Akiwasha, inashika sekunde mbili, inazima. Akiwasha tena, vilevile.

Waya mpya wa resi uliondoa ule ugonjwa wa mwanzo. Bado sensa ilitakiwa irudi pale ilipokuwa, na mimi sikuwa nimeweka alama. Tulichookoka nacho ni kwamba chini ya vichwa vya skrubu kulikuwa na duara mbili safi, pale washa, vile vibati vya duara vya skrubu, zilipokuwa zimekaa tangu kiwandani na rangi haikupauka. Mzee akaturudisha kwenye zile duara. Tukapima, waya wa resi ukiwa umechomolewa na kilango kimekaa kwenye kituo chake: 0.72. Kiwanda kilikuwa sahihi muda wote.

Tangu siku hiyo, kabla sijagusa skrubu yoyote ya sensa, nachomoa waya wa resi. Sijali nahodha ana haraka kiasi gani. Nauchomoa, nafungua na kufunga throto kwa mkono mara tano au sita, naangalia kama inarudi palepale kila mara. Kwenye injini yenye throto zaidi ya moja naangalia na vile vijiti vinavyoziunganisha, maana moja ikichelewa kufunga, sensa iliyo kwenye mhimili wa nyingine haiwezi kuliona hilo. Halafu napima. Halafu narudisha waya, napima tena. Namba hizo mbili zikitofautiana, tatizo liko kwenye waya au kwenye marekebisho yake, na sensa haina kesi. Na ile skrubu ya kituo, iliyowekewa rangi kiwandani, siigusi. Nimewahi kukuta injini Msasani ambayo fundi aliyetangulia aliipandisha sailensa kwa skrubu hiyo. Kila kipimo kilichofuata kilikuwa kimejengwa juu ya msingi uliopinda.

Kama hujawahi kuifungua sensa hii, tafuta iliyokufa uifungue. Mimi nilifungua moja juu ya meza ya kulia nyumbani, mke wangu akalalamika kuhusu mafuta kwenye kitambaa, lakini nilielewa zaidi pale kuliko kwenye maelezo yoyote niliyopewa. Ndani kuna utepe mweusi wa kaboni umepindwa kama mwezi mchanga, na juu yake kuna vidole vidogo vya shaba vinavyotembea mhimili wa throto unapozunguka. Upande mmoja wa utepe unapewa volti 5 na kompyuta, upande wa pili ni hasi, na kile kidole cha katikati kinaokota volti kulingana na mahali kilipo. Kikiwa karibu na hasi kinaokota kidogo. Kikisogea kuelekea chanya kinaokota zaidi. Kwenye nyingi nilizopima, throto ikifungwa unapata kati ya nusu volti na volti moja, na ikifunguliwa yote unapita nne au unakaribia. Haifiki sifuri wala tano, na hiyo imekusudiwa: kompyuta ikiona sifuri kabisa au tano kamili inajua waya umekatika au umegusana, inawasha taa ya hitilafu.

Kwenye ile niliyoifungua, utepe ulikuwa umechakaa sehemu moja tu. Nikaulinganisha na mhimili, nikaona ni pale throto inapokaa boti ikiwa kwenye mwendo wa safari. Ikaniingia akilini. Boti ya abiria inayokwenda Mbudya na kurudi kila siku, resi yake inakaa mahali pamoja kwa dakika nyingi, na mtetemo wa injini unafanya vidole visugue palepale. Malalamiko ya mwenye boti yalikuwa kwamba ikifika mwendo fulani inashtuka kama mtu aliyeguswa, akiongeza inapita vizuri, akipunguza inapita vizuri. Ukipima ikiwa imefungwa ni sahihi. Ukipima ikiwa imefunguka yote ni sahihi. Shimo liko katikati.

Hapo ndipo mita ya mshale, ile ya zamani ambayo vijana wanaitupa, inapoishinda mita ya namba. Chomoa sensa, weka mita kwenye ohmu, mkono mmoja wa mita pini ya katikati na mwingine pini ya hasi, kisha zungusha throto taratibu sana, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Mshale unatakiwa upande bila kusita. Ukiruka au ukianguka ghafla, hata kwa nusu sekunde, utepe umekwisha, na hakuna kurekebisha skrubu kutakakouponya. Mita ya namba inabadilisha namba polepole, inaweza kulipita shimo hilo bila kukuonyesha.

Kuhusu mita nina kisa kingine, na hiki kilinigharimu siku kadhaa.

Nilikuwa Kunduchi, kwenye boti ya mtu anayepeleka wageni visiwani. Sensa ilisoma 0.8, kitabu kinataka 0.7. Waya wa resi mzima, throto inafunga vizuri, nimefuata kila nilichofundishwa. Nikairekebisha hadi 0.7. Siku ya pili mwenye boti ananiambia injini imekuwa nzito, akivuta resi inasita kabla ya kuondoka. Nikarudi, nikapima tena, 0.7 ileile. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha chujio. Nikamwaga petroli yote ya tangi nikaweka mpya, kwa pesa yangu. Siku ya nne, kwa kubahatisha tu, nikaweka mita kwenye betri ya boti, injini imezimwa. Ikasoma 14.4. Betri nzuri iliyotulia inasoma kama 12.6. Kumi na nne na kitu utaiona injini ikiwa inachaji, na injini ilikuwa kimya kabisa.

Betri ndogo ya ndani ya mita ilikuwa imechoka. Mita ya namba yenye betri dhaifu mara nyingi hudanganya kwenda juu, na yangu ilikuwa inaongeza kama sehemu moja ya saba kwa kila kitu. Sensa ilikuwa 0.7 tangu mwanzo; mimi ndiye niliyeiteremsha hadi 0.6 na ushee nikidhani nimeipatia. Na kama siku ya kwanza ningepima ile volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mita ingeniambia 5.7, kitu ambacho hakiwezekani, na ningeishuku papo hapo.

Kwa hiyo sasa nina mazoea ambayo kijana wangu wa kazi anayaona ni ibada. Napima betri ya boti. Napima volti 5 kwenye soketi, sensa ikiwa imechomolewa. Ndipo napima sensa. Volti 5 isipokuwepo, siilaumu sensa bado, maana mara nyingi waya huohuo wa tano unalisha na sensa nyingine, ile ya mgandamizo wa hewa kwa mfano, na mmoja wao akiwa na shoti anawaangusha wote. Unachomoa moja baada ya nyingine mpaka tano inarudi, na uliyoichomoa mwisho ndiyo mwenye shida.

Nyaya. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bahari yetu haina huruma na shaba. Kati ya injini zote nilizoitiwa kwa jina la "sensa ya throto", nyingi zilikuwa na sensa nzima na soketi iliyooza. Unachomoa soketi unakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Chumvi inaingia kwa mvuke wakati wa kusi, boti inapigwa na mawimbi, maji yanaruka hadi juu ya kava, na kama mpira wa kava umekauka, ndani kunalowa bila mtu kujua. Wengine wanaosha injini kwa maji ya presha wakidhani wanaisaidia. Osha njia za maji ya kupoza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila unapotoka baharini, hilo ni jambo jema, lakini usielekeze presha kwenye nyaya.

Pini yenye kijani inaongeza ukinzani, na ukinzani kwenye waya wa hasi ndio unaochanganya zaidi, maana unapandisha usomaji wa sensa kana kwamba mtu ameongeza resi. Huko Mbweni nilikuta injini inayosoma 0.95 mahali pa 0.7. Waya wa resi mzuri, mita nzuri, volti 5 nzuri. Nikaweka mkono mmoja wa mita kwenye waya wa hasi wa sensa, mwingine kwenye hasi ya betri, swichi ikiwa imewashwa. Panatakiwa pasome karibu sifuri. Pakasoma 0.28. Nikasafisha pini kwa brashi laini na dawa ya kusafishia umeme, nikazikaza kidogo zishike, nikapaka grisi ya umeme, nikarudisha. Hasi ikasoma 0.02, na sensa ikarudi karibu na 0.7 peke yake. Sikugusa skrubu. Fundi aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameshamwambia mwenye boti anunue sensa mpya.

Na kuna jambo nililolifanya kwa miaka na sasa linanichoma moyo. Nilikuwa natoboa nyaya. Unachukua sindano, unaichoma katikati ya ganda la waya, unapata usomaji wako haraka bila kuhangaika na soketi. Kwenye gari la nchi kavu huenda usione madhara mapema. Kwenye boti, kile kitundu ni mlango. Chumvi inaingia, inatambaa ndani ya waya, na baada ya miezi kadhaa shaba inakuwa unga wa kijani huku ganda kwa nje likionekana jipya. Nimekata waya wa namna hiyo na kukuta hakuna shaba kabisa kwa urefu wa kidole, na nilijua kitundu kile ni changu kwa sababu boti ile ilikuwa haijaguswa na fundi mwingine. Sasa napitisha pini nyembamba kutoka nyuma ya soketi, kando ya mpira, au natumia soketi ya kati niliyoitengeneza yenye mikia ya kupimia. Ukilazimika kutoboa, funga jeraha lile siku hiyohiyo.

Ikifika kweli kwamba sensa imebadilishwa na inahitaji kupangwa, kazi yenyewe ni fupi. Chora mstari kwa msumari kati ya sensa na mwili wa throto kabla ya kulegeza. Legeza skrubu kiasi cha sensa kusogea kwa kubanwa, isicheze. Sogeza kwa ncha ya bisibisi huku unaangalia mita. Na jua kwamba unapokaza, namba inahama. Kila mara. Unaacha 0.72, unakaza ya juu inakuwa 0.74, unakaza ya chini inakuwa 0.76. Mwanzoni nilikuwa naipuuzia, naona ni kitu kidogo, mpaka nilipoona injini inayotaka usahihi wa sehemu moja ya mia ya volti ikianza kupandisha na kushusha sailensa kama mtu anayepumua kwa shida, kwa sababu kompyuta haikuwa na uhakika kama kilango kimefungwa au la. Kaza nusu moja, nusu nyingine, rudi, pima, fungua throto yote na uirudishe, pima tena. Kisha washa, acha ipate moto, pima mara ya mwisho. Skrubu zenyewe ni ndogo na zimeshika kwenye alumini, mkono unatosha.

Namba ya injini moja usiipeleke kwenye nyingine. Hata za farasi sawa, miaka tofauti, zinatofautiana. Nyingine hazitaki kupangwa kabisa. Matundu ya skrubu ni ya duara, hayana nafasi ya kusogea, na kompyuta yenyewe inajifunza mahali pa kufungwa unapowasha swichi mkono ukiwa frii. Hizi mpya zisizo na waya wa resi, zinazoendeshwa na mota kwenye throto, zina njia mbili za usomaji ndani ya sensa moja ili kompyuta ilinganishe. Hapo hakuna skrubu ya kulegeza, na ukijaribu unaharibu kitu cha bei kubwa. Na petroli ya dumu yenye maji nayo inaleta dalili zinazofanana na hizi zote, kwa hiyo mimina ya chini ya chujio kwenye chupa safi, uiangalie kwanza.

Kuna ugumu mmoja ambao hauko kwenye nyaya. Mwenye boti anataka kuona kitu kimebadilishwa. Yule wa Mbweni, nilipomwambia nimesafisha pini na kazi imekwisha, aliniuliza, "Sasa hela ya nini, fundi, na hujaweka kifaa?" Nilimwonyesha mita, kabla na baada, nikamweleza kwa kirefu. Alilipa nusu. Sikumkasirikia. Watu wamezoea kwamba fundi aliyepata tatizo ni yule aliyetoka dukani Kariakoo na boksi mkononi, na shinikizo hilo ndilo linalotufanya tuzikimbilie skrubu au sensa mpya. Siku hizi naandika vipimo kwenye daftari, jina la boti, tarehe, volti ikiwa imefungwa, volti ikiwa wazi, hasi, ile tano, na mwenye boti anaweka sahihi. Injini ikirudi baada ya miezi sita, nina cha kulinganisha. Namba iliyohama ni dalili. Iliyosimama palepale inaniambia nitafute kwingine. Yule bwana, aliporudi mara ya pili, alianza kwa kuuliza, "Daftari lako linasemaje?"

Nahodha wa ile ya 115 bado ni mteja wangu. Nilimwambia ukweli wote siku ileile, kwamba kosa ni langu, na gharama ya waya wa resi nikaibeba mimi pamoja na hasara ya samaki. Alinyamaza muda mrefu akiangalia maji. Kisha akasema, "Nina watoto wa watu humo ndani, fundi." Hakusema zaidi.

Tangu hapo hanilipi kazi ikiwa gatini. Nikimaliza, ananipandisha, tunatoka hadi mlangoni, palepale. Anaangalia pande zote kama kuna meli. Anavuta resi mpaka pua ya boti inanyanyuka, anaacha ikimbie, halafu anaurudisha mkono frii kwa pigo moja na kukaa kimya akiisikiliza injini. Anafanya mara tatu. Mimi nakaa nyuma, kava limefunguliwa, mita imeshikwa kwenye soketi ya kupimia, na kila mara kilango kinapofunga nasoma kwa sauti ili naye asikie. Sensa ni ileile aliyoinunua pamoja na boti. Mara ya mwisho ilikuwa 0.72, 0.72, 0.72. Akageuza boti tukarudi Feri, maana dagaa walikuwa wanaanza kushushwa.